Unguja, Mume Wangu na Kamera Iliyotugombanisha

Umewahi kununiana na mwenzako kwa sababu ya kitu chenye uzito wa robo tatu ya kilo? Mimi nimewahi. Wiki tatu nzima, chini ya paa moja, tukisalimiana kama wapangaji wanaochangia bomba la maji. Kitu chenyewe kilikuwa kamera.

Mpenzi msomaji, usicheke. Kama una mwenza na mna mipango ya fedha ya pamoja, unajua ninachosema. Mwaka 2016 tulikuwa na miaka miwili tu kwenye ndoa. Tulikuwa na kiwanja nje kidogo ya Dar es Salaam, msingi umeshachimbwa, na kila mwezi tunaweka pesa za tofali. Basi mimi nikachukua milioni mbili na laki tatu. Sehemu kubwa ilikuwa bonasi yangu ya kazini, lakini nisikudanganye, si yote. Nikaenda kwa mpiga picha mmoja wa harusi aliyekuwa anabadilisha vifaa, nikarudi nyumbani na begi jeusi begani.

Mume wangu aliliangalia begi, akaniangalia mimi, akauliza swali moja tu: "Hiyo ni tofali ngapi?"

Sikumjibu. Niliona hanielewi. Na yeye aliona sijamheshimu. Tukalala mzungu wa nne.

Leo nimeishi na kamera ile miaka mingi kuliko nilivyoishi na gari lolote. Nimeibeba kwenye boti, kwenye daladala, kwenye bodaboda chini ya koti la mvua. Na karibu kila mwaka nimerudi nayo sehemu moja, Mji Mkongwe wa Unguja, ambako ndiko ukweni kwangu. Nataka nikusimulie kuhusu mji huo na kamera hiyo kwa pamoja, maana mimi siwezi tena kuvitenganisha. Na lipo deni moja la picha ambalo lilinifundisha zaidi ya vitabu vyote vya chuo.

Kwanza, hii fulu fremu ni kitu gani?

Wapiga picha wanapenda sana neno hili, "fulu fremu", na ukikaa nao dakika tano utadhani ni jina la mchumba. Maana yake si ngumu. Ndani ya kila kamera ya kisasa kuna kidude kinachopokea mwanga. Kwenye simu ni kidogo kama ukucha wa mtoto. Kwenye kamera nyingi za kawaida ni kikubwa kiasi. Kwenye fulu fremu kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, yaani sawasawa na picha moja ya ile mikanda ya filamu ambayo wazazi wetu walipeleka studio kusafishwa. Kidude kikiwa kikubwa, mwanga mwingi unaingia. Ukiwa na mwanga mwingi, usiku hautishi sana, na nyuma ya uso wa mtu panalainika vizuri.

Yangu ni Canon EOS 6D, iliyotoka mwaka 2012. Wakati huo ilikuwa ndiyo ya bei ya chini kwenye ukoo wa fulu fremu wa kampuni hiyo. Ina megapikseli 20. Ina vituo 11 tu vya kulengea, wakati dada yake mkubwa wa mwaka huohuo, 5D Mark III, ana 61. Ina nafasi ya kadi moja, haina flashi yake, na ukitaka kupiga mtoto anayekimbia, omba Mungu. Ilipewa vitu viwili ambavyo wakubwa hawakuwa navyo ndani: GPS na waifai. Mimi wakati nanunua nilisema hiyo waifai ni urembo tu. Lishike neno hilo, tutalirudia.

Lenzi niliyoipata nayo ilikuwa moja, ya milimita 50, ile nyepesi ya plastiki ambayo haivuti karibu wala mbali. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, unamsogelea. Ukitaka awe mdogo, unarudi nyuma mpaka umgonge mwenye baiskeli. Miaka miwili ya kwanza sikuwa na lenzi nyingine, na nilijiona maskini.

Boti ya asubuhi

Ukitoka Dar kwa boti ya mwendo kasi, ni kama saa mbili hivi majini. Mji unauona kabla hujafika: kwanza weupe, halafu mapaa ya kutu, halafu zile varanda ndefu mbele ya bahari. Ukishuka bandarini Malindi, nyumba ya wakwe zangu ni mwendo wa dakika chache, kichochoro cha tatu, mlango wenye njumu za shaba ambazo zimebaki chache tu.

Safari yangu ya kwanza na kamera, Idd ya 2016, nilifanya yale anayofanya kila mgeni. Nilipiga milango. Milango ya juu iliyonyooka na milango ya juu yenye tao, wenyewe wanasema hii ya mtindo wa Kiarabu na hii ya Kihindi. Nilipiga paka. Nilipiga ndizi za Darajani. Nilirudi Dar na picha mia tisa, na mume wangu akazitazama zote kwa subira, kisha akasema, "Nzuri. Sasa nani anakaa humu?"

Alikuwa na haki. Sikuwa na mtu hata mmoja.

Mwaka uliofuata nikaanza kuujifunza mwanga wa pale. Vitabu vitakuambia usipige picha mchana, jua la saa sita linaua nyuso. Kwenye ufukwe ni kweli kabisa. Lakini vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa. Jua la saa sita linagonga juu ya ukuta mmoja, linarukia wa pili, linashuka chini likiwa limeshapoa. Mtu aliyekaa kwenye baraza ya nyumba yake saa hiyo anapata mwanga laini kama wa studio, bure. Hilo sikulisoma popote. Nililiona kwa sababu nilikuwa na lenzi moja na kichochoro kimoja, na nikapita hapo kila siku nikienda kununua mikate.

Nikajifunza pia adabu ya pale. Huinui kamera kwanza. Unasalimia kwanza. "Shikamoo bibi." Unauliza hali, unajibu wewe ni mkwe wa nani, unaambiwa mume wako alipokuwa mdogo alikuwa mtundu vipi. Ndipo unaomba. Akikataa, unashukuru na kuendelea na safari. Wengi wa wanaokataa leo watakuita kesho kutwa. Bibi mmoja anayeuza bajia alinikatalia miaka miwili mfululizo, mwaka wa tatu akaniuliza, "Mbona hun'pigi picha, nimezeeka?"

Hapo ndipo faida ya kukaa na kitu muda mrefu inapoonekana. Mtalii ana siku tatu. Mimi nilikuwa na mwaka kesho.

Usiku wa Forodhani

Nisiseme uongo, mwanzoni kamera ilikuwa inakula ndoa yetu kidogokidogo. Sikuwa namsikiliza mtu. Tukitoka jioni kwenda Forodhani, yeye anataka urojo na juisi ya miwa, mimi nataka moshi wa mishikaki ukipita mbele ya taa.

Na kweli, Forodhani usiku ndipo fulu fremu ilipolipa gharama zake. Taa ni chache na zina rangi ya chungwa, watu ni vivuli, mikono inakwenda haraka. Nilipandisha ISO mpaka 3200, halafu 6400, nikafungua lenzi karibu yote, na picha zikatoka. Zina chengachenga kidogo kama picha za gazeti, lakini zina uhai. Kile kituo cha kulengea cha katikati kilikuwa kinashika uso hata pale macho yangu mwenyewe yalipokuwa yanabahatisha. Nilijiona nimeula.

Nikageuka kumwonyesha mume wangu, hayupo. Nilimkuta kwenye ukuta wa bahari amekaa peke yake, sahani tupu pembeni. Akaniambia taratibu, bila ukali, "Mimi nilikuja kula na mke wangu. Sikuja kusubiri moshi."

Msomaji, kuna maneno ukiambiwa kwa ukali unabisha. Ukiambiwa taratibu unakosa pa kushika.

Tukawekeana utaratibu pale pale ukutani. Nusu saa ya kwanza ni ya kamera, na yeye atanishikia begi. Baada ya hapo lenzi inafungwa kifuniko na mimi ni mke wa mtu. Utaratibu huo tunao mpaka leo. Cha ajabu, picha zangu zikawa bora zaidi. Ukijua una nusu saa, hupigi ovyo.

Picha ya Mzee

Sasa nifike kwenye lile deni.

Baba mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Kwenye kabati la vyombo sebuleni kwake kuna picha ndogo ya nyeusi na nyeupe ya mwaka 1961. Yeye ana miaka kumi na miwili, kofia imekaa upande, ameshika baiskeli ya kaka yake, na nyuma yake ni Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu.

Kama hujafika Unguja, jumba hilo lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, likitazama bahari, lenye varanda juu ya varanda na nguzo za chuma. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Mwaka 1896 Waingereza walipoupiga mizinga mji, katika vita vilivyokwisha chini ya saa moja, majumba ya jirani yakabomoka, hili likabaki limesimama. Mnara wa saa tuliokuja kuujua sisi uliwekwa baada ya vita hivyo. Kwa watu wa pale lilikuwa kama mtu mzima wa familia. Hulitazami kila siku, lakini unajua lipo.

Desemba 2018, saa nne asubuhi, tulikuwa tunatembea sisi watatu kutoka Malindi, tumepita ile zahanati ya kale, tumepita Mtini na jumba la masultani. Tulipofika mbele ya Beit el Ajaib, Mzee akasimama. Akapima kwa macho, akasogea hatua mbili kushoto, akasema, "Hapa. Hebu n'pige mwanangu. Kama ile ya baiskeli."

Nikainua kamera. Nikaona tatizo. Jumba linatazama upande wa bahari, yaani magharibi. Asubuhi jua linakuwa nyuma yake. Mbele pote giza, mbingu nyeupe inaunguza, uso wa Mzee unakuwa mweusi tii. Jioni jua likihamia upande wa bahari, jengo zima linawaka dhahabu. Nilishaipiga hivyo mara nyingi, nilijua nitapata picha ya kuwekwa ukutani.

"Baba," nikamwambia, "mwanga si mzuri saa hizi. Turudi saa kumi jioni, utapendeza."

Akanitazama kidogo. "Haya mwanangu. Jioni, Mungu akipenda."

Nikampa mume wangu kamera aishike, nikainama kutafuta kitambaa cha lenzi kwenye begi, huku nikiendelea kueleza habari za jua. Yeye akazungusha kile kitufe cha juu mpaka kwenye ile alama ya kijani, ambapo kamera inajifanyia kila kitu. "Baba, tazama huku." Kach! Moja tu.

Niliiangalia kwenye kioo cha nyuma nikacheka. Imelala upande. Mzee amekunja macho. Mnara umekatwa ncha. Na kushoto kuna bega langu na nusu ya kichwa, nimefumbua mdomo, mkono hewani. Picha mbaya kuliko zote za safari ile.

Jioni ikanyesha mvua. Kesho yake goti la Mzee likamsumbua. Kesho kutwa tukapanda boti. Nilipofika Dar nikahamishia picha kwenye kompyuta, nikachambua kama kawaida yangu, zile mbovu nikafuta. Na ile nikaifuta.

Mwaka 2019 tulienda tena. Mzee hakurudia kuomba. Wazee wa kwao hawaombi mara mbili. Na mimi, nikwambie ukweli, nilikuwa nimesahau.

Krismasi ya 2020

Tarehe 25 Desemba 2020 tulikuwa Dar, kwa jirani aliyetualika pilau. Simu za watu zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Sehemu kubwa ya mbele ya Beit el Ajaib imeanguka, pamoja na mnara, wakati jengo likiwa kwenye ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Picha za vumbi na vifusi zikawa zinazunguka kwenye simu.

Jioni Mzee akapiga. Alimwomba mume wangu anipe mimi simu. Hakuniuliza habari za jengo.

"Mwanangu, ile picha unayo?"

Nilijua ni ipi. Nikasema, "Nitaitafuta, Baba."

Nilikaa na zile diski mpaka saa nane usiku. Nina jumba hilo la jioni, la alfajiri, la mwezi, la mvua. Nina nguzo zake, nina mizinga yake, nina watoto wanaoruka majini mbele yake. Karibu picha mia tatu, na nyingine ni nzuri kwelikweli. Mzee hayumo hata moja. Kuna kadi moja nilijaribu kuirudisha kwa programu ya kufufua picha zilizofutwa, lakini ilishaandikwa juu yake mara kumi. Nikafunga kompyuta, nikalia.

Mume wangu akaamka kunywa maji, akanikuta. Nikamweleza. Akakaa kimya, halafu akaenda kuchukua simu yake ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka tunayoiweka kwenye droo, akaichomeka chaji. Tulingoja kama dakika kumi hivi. Akanipa.

Ilikuwemo.

Usiku ule ule wa 2018, mimi nikiwa nimelala, alikuwa ameiunganisha simu na kamera kwa waifai, ile niliyoiita urembo, akaivuta picha moja tu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Si niliipiga mimi? Halafu na wewe umo. Kwenye picha zako zote wewe huwa haumo."

Sikuwa na la kusema. Mtu aliyeniuliza ni tofali ngapi ndiye aliyekuwa ametunza picha pekee iliyokuwa na maana.

Kamera inapotuma kwa simu huwa inaipunguza picha. Megapikseli zangu 20 nilizozilipia zikawa zimebaki mbili na kitu. Kwa ukubwa wa kadi ya posta, zinatosha kabisa. Niliisafisha studio, nikaitia kwenye bahasha, nikaipeleka mwenyewe.

Yanayoikuta kamera ya pwani

Najua wapo wanaosoma hapa wakitaka kujua kama kitu chenyewe kinadumu. Kinadumu, lakini kinataka matunzo kama mkaa wa jikoni, ukikisahau kinazimika.

Adui wa kwanza ni unyevu. Lenzi yangu ya pili, niliyoinunua 2018, niliisahau ndani ya begi la ngozi kabatini kwa msimu mzima wa masika. Nilipoitoa ilikuwa na fangasi ndani ya kioo, kama utando wa buibui. Fundi alijitahidi, lakini haikurudi ilivyokuwa. Sasa natunza vifaa kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usivitupe.

Adui wa pili ni kiyoyozi. Ukitoka chumba chenye baridi kwenda nje Unguja, lenzi inalia machozi papo hapo. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu. Usifute futa.

Wa tatu ni vumbi. Ukibadilisha lenzi ufukweni, mwaka unaofuata utashangaa mbingu yako ina madoa meusi. Mimi nabadilishia ndani, nikiwa nimeinamisha kamera chini.

Na kuna makosa ya mwenye kamera mwenyewe. Betri yangu ilikuwa inaisha usiku bila sababu, nikailaumu miezi. Kumbe nilikuwa nimeiacha GPS imewashwa, na kwenye kamera hii inaendelea kutafuta setilaiti hata ukiizima kamera. Imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo. Nani anasoma?

Kwa matumizi, shata yake imekadiriwa kuhimili picha kama laki moja. Mimi nimepita elfu sabini. Mpira wa pembeni umeachia, nimeubandika na gundi. Rangi imechubuka pale kidole kinapokaa. Siku hizi zipo fulu fremu za kuanzia zisizo na kioo ndani, kama EOS RP ya 2019, ambayo haifiki hata nusu kilo pamoja na betri, na zinalitafuta jicho la mtu zenyewe. Nimezishika dukani mara mbili, nikazirudisha. Si kwamba ni mbaya. Ni kwamba ya kwangu naijua gizani kama ninavyojua swichi za nyumbani, na kile kinachoipungukia najua nitakizunguka wapi.

Kabla hamjafungua pochi

Nasema "hamjafungua", kwa wingi, makusudi. Haya ndiyo ningependa mtu aniambie 2016:

Kaeni chini mzungumze kabla, siyo baada. Kama ni pesa ya wote, ni uamuzi wa wote. Ningeomba, ningepewa, mwenyewe ameniambia. Kilichomuuma haikuwa kamera.

Nunueni ya mtumba iliyotunzwa kuliko mpya ya kukopea. Ulizeni shata imepiga ngapi, angalieni lenzi mkielekeza kwenye taa, pigeni picha ya karatasi nyeupe muone madoa.

Anzeni na lenzi moja. Mwaka mzima.

Mfundishe mwenzako kuitumia, hata kama ni kwenye ile alama ya kijani tu. Usipomfundisha, watoto wenu watadhani mlilelewa na mzazi mmoja.

Chagueni sehemu moja ya kurudi. Si lazima iwe Unguja. Inaweza kuwa kwa bibi Kondoa, au kituo cha daladala mlipokutania. Kamera ya muda mrefu inahitaji mahali pa muda mrefu.

Na mtu akikuomba picha, mpige hapo hapo. Mwanga utaufuata baadaye.

Kwenye kabati la vyombo

Mtaa wa Kenyatta, pale Shangani, kuna studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, Capital Art Studio, mwanawe Rohit akaja kuirithi. Nilipoingia mara ya kwanza nilitazama picha za zamani zilizojaa ukutani kwa jicho la fundi: ametumia mwanga gani, amesimama wapi. Tangu 2020 nikizitazama picha za aina ile nawaza kitu kingine. Nawaza kwamba siku hiyo, saa hiyo, mtu alikuwepo na alibonyeza.

Nyumba yetu tuliimaliza na kuhamia 2021, mwaka mmoja nyuma ya mipango. Mume wangu bado akiniona nafuta lenzi huniuliza tofali ngapi, na siku hizi tunacheka.

Safari iliyopita niliingia ukweni, nikakuta Mzee ana wageni kutoka Pemba. Kabati la vyombo liko wazi. Picha mbili zimesimama bega kwa bega: mtoto mwenye baiskeli, na mzee aliyekunja macho, jumba lilelile nyuma yao. Mgeni mmoja akainama kuitazama ya pili, akauliza nani huyu aliyejitokeza hapa pembeni, mdomo wazi, amekata picha ya watu.

Mzee hakunitazama. Akamimina kahawa, akasema, "Huyo ni mkwe wangu. Alikuwa akigombana na jua."